Namna ya Kununua Nyumba Eastlands Bila Kumuudhi Dalali

Dalali wa nyumba wa Nairobi ana moyo mwororo. Ameamka alfajiri, amepiga viatu rangi, ameazima gari la shemeji yake, na ndani ya faili ya plastiki ana nakala ya hati miliki iliyonakiliwa mara nyingi hadi muhuri umebaki kivuli. Kumwandama mtu kama huyu kwa maswali ya maji huja siku gani ni ukatili. Mwongozo huu ni wa mnunuzi muungwana, anayetaka nyumba Buruburu, Umoja, Donholm, Komarock, Kayole au kule Utawala, ila hataki kumkosea mtu adabu. Wakorofi nitawataja hapa na pale, ili ujue tabia za kuepuka.

Siku ya kwenda kutazama nyumba, mwachie dalali aichague. Atachagua Jumapili alasiri, mwezi wa Januari au wa Agosti, udongo ukiwa mkavu na Barabara ya Jogoo ikiwa tupu. Mtafika mkiwa bado mnajuliana hali, naye atasema, "Umeona, bosi? Dakika kumi na tano kutoka tao." Usimkumbushe kwamba ni Jumapili. Mkorofi hujipeleka mwenyewe Jumanne saa kumi na mbili jioni kwa matatu ya nambari 58, akashuka Buruburu usiku shati limemganda mgongoni, na bado akaandika kwenye daftari nauli ilipanda kwa kiasi gani mvua ilipoanza. Ijumaa usiku anarudi tena, safari hii kusikiliza: baa ya pembeni, kanisa la hema lililo kwenye kesha, makanga wanaojaribu spika mpya saa tisa za usiku. Anajua NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele tangu 2009. Anajua pia kwamba hema halijawahi kuzisoma.

Mkiingia ndani, tazama juu, kisha tazama chini. Juu kuna dari la jipsamu lenye taa za buluu zilizofichwa. Chini kuna vigae vinavyong'aa hadi unajiona. Gusa kabati za jikoni. Sifu sinki. Vitu hivi fundi huving'oa na kuvirudisha kwa wikendi moja, ndiyo maana vinastahili macho yako yote. Maji, udongo, mto, jirani na mirathi ya marehemu havina fundi wa kuving'oa, kwa hiyo kuvitazama ni kujisumbua bure.

Hapo kwenye maji ndipo mkorofi hujulikana upesi. Mtu ameingia jikoni mwa watu, hata karibu hajaambiwa, tayari mkono uko kwenye mfereji. Mfereji unatoa pumzi, unakohoa, unanyamaza. "Leo si siku yetu," dalali anasema. Muungwana hapo angeitikia kwa kichwa, akaridhika kuliona tangi jeusi juu ya paa bila kuuliza kama lina kitu. Mkorofi huenda akatafuta ratiba ya mgao ambayo Kampuni ya Maji ya Nairobi hutoa, mtaa kwa mtaa na siku kwa siku, kisha akarudi siku iliyoandikwa pale. Akikuta bado ni pumzi tupu, anakwenda kwa mama mboga wa kona, ananunua sukuma wiki ambayo hata hana haja nayo, anauliza mtungi wa lita ishirini unauzwa pesa ngapi wiki ya shida. Mama mboga hana komisheni kwenye nyumba hiyo, kwa hiyo husema ukweli. Huyohuyo mkorofi, akipanda ngazi, huhesabu mitungi ya manjano iliyopangwa nje ya milango ya majirani. Mitungi minane mlango mmoja si mapambo.

Kule Embakasi, Utawala na Ruai utaambiwa kuna kisima, maji hayakatiki. Ni kweli hayakatiki. Kinachokatika ni maziwa kwenye chai. Maji mengi ya visima vya upande huo yana chumvi, na chumvi haijifichi kwa anayejua pa kuitafuta: birika la stima la mpangaji anayehama lina gamba jeupe ndani, gumu, linalobanduka vipande ukilikwaruza kwa kijiko, mfereji uliofungwa juzi umeota ndevu nyeupe mdomoni, sabuni unaisugua mpaka mkono unachoka na povu halionekani. Kuna na floridi, ambayo imezidi kwenye visima vingi vya Nairobi na huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Mwuzaji atakuambia maji hayo ni ya kuoshea tu. Muungwana haombi kuonyeshwa nguo zilizooshwa.

Maji yanayoingia yana afadhali. Yanayotoka hayana hata wa kuyasemea. Umoja ya kwanza ilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Marekani, nyumba ndogo za chini, ili mwenyewe aongeze chumba kadiri mfuko wake utakavyomruhusu. Watu wakaongeza, ila waliongeza kwenda juu: ghorofa nne, tano, saba. Bomba la majitaka halikuarifiwa. Ukipita kwenye barabara za ndani baada ya mvua utaona mifuniko imeinuliwa na kinachopumulia chini yake, na watoto wamepanga mawe ya kukanyagia kwenda shule. Dalali atakupitisha njia nyingine. Mfuate.

Buruburu ina heshima yake. Ilijengwa kwa awamu tano kuanzia 1973, ikachorwa na wasanifu wa Mutiso Menezes, kila kundi la nyumba na geti lake, na mbele ya nyumba kijibustani cha maua. Bustani hiyo leo ni kinyozi, duka la dawa, au vyumba vitatu vya kupangisha vilivyoegemezwa kwenye ukuta wa mbele. Mwuzaji atavionyesha kwa fahari: "Hivi ndivyo vitakulipia mkopo wa benki, mzee." Muungwana anapiga hesabu ya kodi papo hapo. Mkorofi anaomba ramani iliyoidhinishwa na kaunti, anaitandaza juu ya boneti ya gari, anatafuta vile vyumba vitatu kwenye karatasi, na havioni. Anatazama tena ukutani, vipo. Ananyamaza, na ukimya wake ndio humuudhi dalali kuliko kelele.

Kabla hujalisifu jua linaloingia sebuleni, jihadhari usitazame paa la jirani. Ukilitazama utaona vyuma vya nguzo vimeachwa vimechomoza juu, vimeshika kutu, vingine vimevikwa chupa za plastiki. Jirani hajamaliza. Anangoja chama kimfikie, au mtoto wake wa Qatar atume pesa. Siku hiyo ikifika jua lako litahamia sebuleni kwake, na dirisha lako litatazamana na ukuta ulio umbali wa mkono, kama ilivyo Pipeline, ambako mtu huazimana chumvi na jirani wa jengo la pili bila kutoka jikoni. Ploti tupu iliyo kando ya nyumba ni hatari zaidi, kwa kuwa hiyo haijaanza hata kuota vyuma, na dalali ataiita "hewa safi".

Hewa yenyewe hutegemea upepo. Jaa la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka wa 2001. Malori ya taka hayajapata habari. Nyumba ya Dandora, Kariobangi au Korogocho itazame siku upepo umeelekea kwingine.

Halafu kuna nyufa. Sehemu kubwa ya Eastlands imekalia udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na msingi usiochimbwa hadi chini ya udongo huo hucheza nao ngoma moja mwaka mzima. Kwa hiyo ukikuta rangi mpya kwenye pembe moja tu ya chumba, ikishuka mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha, isifu rangi. Mkorofi huipitishia kidole akasikia plasta imevimba kidogo, akafungua na kufunga mlango mara mbili kuona kama unakwama, akatoka nje na kuutafuta ufa uleule upande wa pili wa ukuta. Akiupata, hanunui kabla hajaleta mhandisi.

Kwenye maghorofa naomba niweke utani kando kwa sentensi chache. Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lililokuwa ukingoni mwa mto mtaani Huruma liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Wakuu wa serikali walisema baadaye kwamba lilikuwa limeorodheshwa kubomolewa. Watu walikuwa bado wanalipia kodi ndani yake. Ukinunua ghorofa, au hata flati moja ndani ya ghorofa, omba ramani iliyoidhinishwa, cheti cha usajili kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na cheti cha ruhusa ya kukaliwa, kisha umlipe mhandisi wako mwenyewe aje na vifaa vyake. Alama ya X nyekundu ya jengo la kubomolewa hufutwa kwa kopo moja la rangi.

Turudi kwa muungwana wetu, ambaye sasa amesimama kwenye roshani akitazama mto. Dalali anauita "kamto". Upande huu wa jiji kuna Mto Nairobi, Mto Mathare, Mto Ngong na vijito vyake, na yote hupendeza mwezi wa Februari. Kanuni huweka hifadhi ya mto kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni, na hapo katikati ndipo mabishano hukaa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, serikali iliwaagiza waliokuwa ndani ya mita 30 wahame, na tingatinga zikafuata Mathare na Mukuru. Mkorofi huja na futi ya kupimia, kisha akamuuliza bibi wa nyumba ya tatu maji yalifika wapi mwaka ule. Bibi hamjibu kwa mdomo. Anamwonyesha mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa.

Zikifika karatasi, ndipo adabu hupimwa hasa. Hati miliki ikikunjuliwa mbele yako, ipokee kwa mikono miwili, usome jina la juu, urudishe. Wakorofi huondoka na nambari ya ploti hadi ofisi za ardhi, Ardhi House, au huingia kwenye Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021 na kuanzia hapa Nairobi, wakaangalia nani ameandikishwa, kuna benki inayodai, kuna zuio la mahakama. Wengine huvuka mpaka kabisa, wakaanza kuuliza ardhi ilitoka kwa nani kabla ya huyu, na kabla ya yule. Chanzo cha tabia hii mbaya ni Mahakama ya Juu yenyewe. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, majaji walisema hati peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Ploti iliyogombaniwa iko Nyali, ufuoni, na aliyepewa kwanza alikuwa Rais Daniel arap Moi. Kama iliyoanzia kwa rais haikusimama, fikiria ile ya bwana wa Kayole mwenye faili ya plastiki.

Ukielekea Njiru, Ruai na Utawala, utakutana na kampuni za kununua mashamba, na inayotajwa sana ni Embakasi Ranching. Wanachama walinunua hisa, hisa zikageuka ploti, juu ya ploti kukaja ploti za bonasi, na mahali pengine ploti moja ikajikuta na wenyewe watatu, kila mmoja ana cheti, risiti na hasira. Muungwana hununua kwa yule mwenye tabasamu. Syokimau nao walikuwa na hati, Novemba 2011, tingatinga zilipoingia kwa madai kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege. Walizipunga hati zao hewani, na dereva wa tingatinga hakuajiriwa kusoma. Ukiona mtu anakuuzia nyumba ya Jericho, Maringo au Kaloleni, mpongeze kwa ujasiri wake, kwa maana zile ni nyumba za kaunti na yeye ni mpangaji.

Lakini hakuna karatasi inayohitaji uungwana mwingi kuliko ya marehemu. Walionunua Buruburu miaka ya 1970 walikuwa makarani, walimu na wahasibu wenye watoto wadogo. Wengi wametangulia, na hati bado ina majina yao. Anayekufungulia geti ni kijana wa makamo, mchangamfu, aliyezaliwa na kukulia pale. Atakuonyesha alama za urefu wake kwenye fremu ya mlango.

"Mzee aliniachia mimi, uncle. Wote nyumbani wanajua."

"Na mama?"

"Mama yuko ushago. Mama hana shida."

"Na wale wengine?"

"Dada yuko Marekani. Mkubwa tuliongea naye."

Muungwana anaishia hapo, kwa sababu kumwuliza mtu habari za familia yake akiwa na msiba ni utovu wa adabu, hata kama msiba una miaka kumi na minne. Mkorofi anauliza hati ya usimamizi wa mirathi iko wapi, na kama mahakama imeithibitisha, maana bila hiyo anayeuza mali ya marehemu anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Urithi, na anayenunua amejinunulia kiti kwenye kikao cha ukoo. Akipewa hati, huisoma majina yote, akampigia dada wa Marekani mwenyewe. Na mwuzaji akiwa hai na ameoa, mkorofi hataki kusikia kwamba mama ameenda sokoni. Atamngoja arudi na kikapu chake, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka idhini ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa. Kuna nyumba ambazo hulazimika kungoja mama wawili.

Mambo madogo nitayapita haraka, kama dalali anavyoyapita. Nyumba nyingi za mitaa hii zimekalia ardhi ya kukodishwa kwa miaka 99. Mkataba ulioanza katikati ya miaka ya 1970 sasa umebakisha chini ya miaka 50, na benki hujua kuhesabu kuliko wewe. Reti za kaunti zinaweza kuwa hazijalipwa tangu enzi za baraza la jiji, na faini juu yake. Flati iwe na hati yake yenyewe chini ya sheria ya majengo ya pamoja ya 2020, wala si barua ya mwenye jengo yenye muhuri wa duara. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, nao hukumbukwa pesa zikiwa zimeisha.

Wakili, tumia wa mwuzaji. Anajua faili tayari, na ofisi yake iko karibu na hoteli wanayokula nyama. Kawaida ya soko ni kulipa asilimia 10 mkataba ukitiwa sahihi, iliyobaki ndani ya siku 90 uhamisho ukiwa tayari, lakini dalali atakueleza kwamba kuna mteja wa Saudia ambaye anatua kesho na pesa taslimu. Huyo mteja ametua kila kesho kwa miaka mingi. Hajawahi kununua nyumba hata moja, na bado hajakata tamaa. Tuma pesa zote leo, kwa simu, kwa jina usilolijua. Ukiulizwa nyumbani kwa nini jina ni tofauti, sema ni la mhasibu.

Ukikabidhiwa funguo, kazi ya kwanza, kabla hata ya pazia, ni kununua kopo la rangi nyekundu na brashi ya inchi nne. Andika kwenye ukuta wa nje, kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye matatu: NYUMBA HII HAIUZWI. Utaenda ushago Krismasi, na dalali wako, ambaye sasa anaijua nyumba vizuri na ana nakala ya hati yako, atapata Jumapili nyingine tulivu na mnunuzi mwingine muungwana. Andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nambari ya simu usiiweke. Ukiiweka, watakupigia kuuliza bei.